Nani Anaisimulia Rufiji?

Tarehe 4 Agosti 1905, pale Mohoro, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale. Mohoro ni mji mdogo kusini mwa Mto Rufiji, jirani na nchi ya Wamatumbi, na wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa na boma lake hapo. Kinjikitile alikuwa mganga wa Ngarambe. Kosa lake machoni pa boma lilikuwa neno lililotoka kwake: kwamba yapo maji ambayo mtu akiyapata, risasi ya Mjerumani haitamdhuru. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuuawa aliwaambia waliomkamata kuwa wamechelewa, kwani dawa yake imekwisha kufika Kilosa na Mahenge.

Na kweli walichelewa. Mwezi Julai watu wa Nandete, Umatumbini, walikuwa wamekwisha kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na haikupita miezi miwili vita vya Majimaji vikawa vimeshika Ungindo, Mahenge na Ungoni. Vita hivyo tumezoea kuvisimulia kwa mikuki na bunduki. Mimi naviona pia kama mlango wa kuingilia historia ya habari katika nchi ya Rufiji: nani huzibeba, nani huaminiwa, na vijana hujifunza nini kutoka kwa wanaozibeba.

Wazee waliohojiwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na wanahistoria G. C. K. Gwassa na John Iliffe walieleza jinsi neno la Ngarambe lilivyopita. Waliliita njwiywila: maneno ya siri, mtu kwa mtu, na aliyetaka kuyasikia alitoa pesa moja. Aliyekwisha kusikia aliyapeleka kwa jamaa zake wa kijiji cha pili. Boma lilikuwa na waya wa telegrafu uliofuata pwani, lilikuwa na maakida na askari, lakini kwa miezi kadhaa halikutambua uzito wa jambo ambalo vijiji vizima vilikuwa vikilinong'ona. Watu walimwamini ndugu aliyekaa nao kuliko akida aliyewatoza kodi.

Lakini njwiywila ilikuwa na upungufu mkubwa, na waliolipia upungufu huo ni wengi mno. Neno linalopita kwa siri halipati mtu wa kulihoji hadharani. Maji hayakuzuia risasi. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamepandisha hesabu hadi 250,000 na hata 300,000, walio wengi wakifa kwa njaa baada ya majeshi ya serikali kuchoma mashamba na maghala. Kwa hiyo habari inahitaji mambo mawili kwa pamoja. Itoke kwa mtu aliye karibu na watu, na isemwe waziwazi ili iweze kupimwa. Kwa miaka 120 sasa, Rufiji imepata mara chache sana mambo hayo mawili kwa wakati mmoja.

Gazeti la upande wa boma

Mwaka mmoja kabla ya vita, gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilianza kuchapwa katika shule ya serikali ya Tanga. Halikuwa la kwanza. Wamisionari wa UMCA walitangulia na Msimulizi, Zanzibar, mwaka 1888. Ila Kiongozi lilikuwa gazeti la kizazi kipya: wanafunzi wa shule za serikali, walimu, makarani, vijana waliotarajiwa kuwa maakida wa kesho. Wengi wao hawakulisoma tu, bali waliliandikia pia, kila mmoja akituma habari za kituo alichopangiwa. Humo Kiswahili kilizoea kuandikwa kwa herufi za Kirumi, na humo kijana wa Tanga alianza kujiona kuwa ana jambo la kuzungumza na kijana wa Lindi au Tabora asiyemfahamu. Hilo ni jema, na halifai kusahauliwa.

Hata hivyo, gazeti lilikuwa la serikali. Kijana aliyefuatilia vita vya Majimaji katika kurasa zake alivifuatilia kwa jicho la boma, na waliong'oa pamba ya kulazimishwa alikutana nao wakiwa waasi. Mwalimu aliweza kuandika kutoka mjini kwake. Mkulima wa Ngarambe hakuwa na wa kumwandikia. Hivyo kizazi cha kwanza cha wasomaji wa magazeti katika nchi hii kilifundishwa habari za kusini na watu waliokuwa upande mmoja wa vita.

Miaka kumi baadaye delta ya Rufiji ikaingia katika magazeti ya Ulaya. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Waingereza Pegasus mbele ya Zanzibar mwezi Septemba 1914, ilijificha katika mikono ya mto kati ya mikoko mpaka ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Wasomaji wa London na Berlin wakaifahamu Rufiji kuwa ni maficho ya meli. Wakulima wa mpunga na wavuvi walioishi humo hawakuwa habari.

Waingereza walipoichukua nchi walianzisha Mambo Leo mwaka 1923, gazeti la mwezi la idara ya elimu. Lilibeba habari za miji, mafunzo ya kilimo na afya, na mashairi yaliyotumwa na wasomaji. Vijana wengi waliojifunza kuandika Kiswahili fasaha walijifunzia hapo, lakini ufunguo wa mlango ulikuwa bado mkononi mwa serikali. Mwaka 1937, Dar es Salaam, Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, alianzisha Kwetu, likawa jukwaa ambalo Mwafrika alilimiliki mwenyewe na kulitumia kulalamikia wakubwa. Mbegu hiyo ilikuwa ya mjini, na ilichukua muda mrefu kuvuka Rufiji.

Sauti ya taifa

Kilichofika kila kijiji ni redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. BBC ikaanza idhaa yake ya Kiswahili mwaka 1957, na Deutsche Welle mwaka 1963. Asiyejua kusoma sasa aliweza kusikia habari sawasawa na karani. Baada ya Uhuru, Radio Tanzania ikawa ndiyo sauti ya taifa, na watoto wa miaka ya 1970 walikua wakisikiliza kipindi cha Mama na Mwana mchana na taarifa ya habari jioni.

Nguvu ya redio hiyo juu ya maisha ya watu haikuwa ya kubuni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Kipindi kilisikilizwa, kitabu kidogo kikasomwa, kiongozi wa kikundi akaongoza mazungumzo, kisha watu wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, mchezo wa Twende na Wakati uliingia hewani na kisa cha Mkwaju, dereva wa lori aliyeponzwa na tamaa zake. Kwa miaka miwili kituo cha Dodoma hakikuurusha ili watafiti waweze kulinganisha, na walikuta kwamba mahali uliposikika, watu wengi zaidi walianza kutumia uzazi wa mpango na kujihadhari na UKIMWI. Anayesema vyombo vya habari havibadilishi tabia za vijana hajaifuatilia historia ya Tanzania.

Tuangalie kilichofanya kampeni hizo zifaulu. Mtu ni Afya haikuishia kwenye spika. Ilishuka mpaka kwenye kikundi cha majirani waliofahamiana, wenye ruhusa ya kuuliza na kubishana. Twende na Wakati ilizungumza kama watu wanavyozungumza majumbani. Sauti ilitoka mbali, lakini ilipata mtu wa karibu wa kuipokea na kuipima.

Mambo mengine ya miaka hiyo hayakupimwa hivyo. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha wakazi wa bonde la Rufiji na kuwapeleka vijiji vya ujamaa juu ya mwinuko. Serikali ilieleza zoezi hilo kuwa ni kuwaokoa watu na maji na kuwasogezea shule na zahanati. Lakini wakulima wa bondeni walikuwa na elimu yao: walilima mlau, mazao ya baada ya maji kupungua, na walijenga madungu, nyumba za juu ya nguzo. Kwao gharika lilikuwa hatari na lilikuwa pia mbolea. Elimu hiyo haikuwa na gazeti wala redio ya kuisemea, na watoto waliolelewa katika vijiji vipya waliisikia kwa babu zao tu, kama waliisikia.

Wakati huohuo kilitokea kitu ambacho ningependa kila mwalimu wa Rufiji akijue. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walirudi makwao kusini na madaftari kuwahoji wazee walioiona Majimaji. Vijana wa Kitanzania waliandika vita hivyo kwa maneno ya waliopigana. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akachapisha tamthilia yake Kinjeketile, na mganga aliyenyongwa Mohoro akaingia madarasani akiwa shujaa. Mwisho wa tamthilia Kinjeketile anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kwa upande wa pili wa habari ya 1905 kumfikia kijana wa shule, na ulifika kwa sababu vijana walikwenda kuuliza.

Wana-delta waingia gazetini

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, magazeti binafsi yalimiminika, na mwaka 1994 Radio One na ITV zikaanza kurusha matangazo. Rufiji ilipata nafasi ya kuujaribu uhuru huo mapema. Mwaka 1997 serikali iliidhinisha mpango wa kampuni ya African Fishing Company wa kufuga kambamiti katika delta, mpango mkubwa ambao ungechukua maelfu ya hekta katikati ya msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki. Kampuni iliahidi ajira na fedha za kigeni. Wataalamu wa mazingira walionya juu ya mikoko na mazalia ya samaki.

Hapo waandishi wa Chama cha Waandishi wa Habari za Mazingira, JET, walifanya kazi inayostahili heshima. Suala la delta lilifika katika magazeti likiwa na sauti za wavuvi na wakulima wenyewe. Wanasheria wa mazingira wa LEAT wakaungana nao, wanavijiji wakaenda mahakamani, na wabunge na wafadhili wakalazimika kujibu maswali. Mradi haukujengwa. Mikoko inayotazamwa leo na watoto wa delta ipo kwa sehemu kwa sababu ugomvi ule ulifanyika hadharani.

Kisha njia zikafunguka. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilizinduliwa pale Ndundu, na magari yaliyokuwa yakisubiri pantoni yakavuka moja kwa moja. Minara ya simu ikafuata. Ungedhani kwamba kuanzia hapo kijana wa Mohoro angekuwa na habari nyingi na za hakika kuliko babu yake. Nyingi alizipata.

Kibiti, 2017

Mwezi Januari 2015 kituo cha polisi cha Ikwiriri kilivamiwa, askari wawili wakauawa na silaha zikachukuliwa. Mwaka uliofuata wenyeviti wa vijiji, watendaji na viongozi wa CCM wakaanza kuuawa mmoja baada ya mwingine, wengi wao usiku, milangoni mwao. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliviziwa na kuuawa karibu na Jaribu Mpakani. Mwezi Mei Simon Sirro alichukua nafasi ya Ernest Mangu katika ukuu wa jeshi la polisi, na Rufiji ikafanywa kanda maalumu ya kipolisi. Bodaboda zikazuiwa kutembea kuanzia saa 12 jioni. Waliouawa hadi katikati ya mwaka huo walikuwa wanakaribia 40.

Nani aliwaua? Jibu lililozoeleka, katika magazeti na katika vinywa vya viongozi, lilikuwa watu wasiojulikana. Katika hali hiyo mwandishi aliyekaa Kibiti, aliyejua kila njia na kila familia, alikuwa na thamani kuliko kamera kumi zilizokuja na misafara. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa namna hiyo. Aliishi Kibiti na kuandikia Mwananchi na The Citizen kama mwandishi wa kujitegemea, na habari za mauaji zilizowafikia Watanzania zilipitia kwa watu kama yeye.

Tarehe 21 Novemba 2017 alitoweka. Mkewe alieleza kwamba siku hiyo alifika shambani akiwa na watu wengine katika gari jeupe, akauliza ulipo ufunguo wa nyumba, akasema anakwenda safari ya dharura. Hajaonekana tena. Novemba 2018 maofisa wawili wa Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari, Angela Quintal na Muthoki Mumo, walikamatwa hotelini Dar es Salaam na kuhojiwa kabla ya kuachiliwa. Julai 2019 Palamagamba Kabudi, akiwa waziri wa mambo ya nje, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa. Baadaye akasema maneno yake hayakueleweka sawasawa. Familia haikupewa kaburi wala maelezo.

Hasara hiyo ni ya familia kwanza. Ni ya Rufiji nzima vilevile. Mwaka uleule wa 2017 Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa kwa nyakati tofauti chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na wahariri walijifunza kupima kila sentensi. Baadhi ya magazeti hayo yalirudishiwa leseni mwaka 2022. Lakini leseni haimrudishi mwandishi, wala haimpi moyo kijana wa Kibiti anayefikiria kuishika kalamu aliyoiacha mwenzake.

Walipokosa mtu wa karibu anayesema waziwazi, watu walirudi kwenye njwiywila. Kila aliyetoweka alipewa sababu tatu za barazani, na hakuna iliyoweza kuthibitishwa. Kwa kijana wa mbali, jina la Kibiti likawa na maana moja tu, mauaji. Mpunga, korosho, ufuta, mikoko na madrasa zenye watoto watulivu havikupata nafasi ya kurekebisha picha hiyo. Na kijana wa palepale alijifunza somo baya zaidi, kwamba kuuliza ni hatari na kunyamaza ndiyo akili. Hilo ndilo ninaloliona kuwa jeraha kubwa kuliko yote yaliyosababishwa na miaka ile katika nafsi za vijana, kwa sababu linaendelea kufanya kazi hata bunduki zikinyamaza.

Maji ya 2024

Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika na kuyafunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, Mohoro ikiwamo. Safari hii habari haikusubiri mwandishi. Vijana walichukua video kwa simu zao, na nchi nzima ikaona paa za nyumba juu ya maji kabla ya taarifa ya habari ya jioni.

Ubishi ukaanza siku hiyohiyo. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilikuwa limeanza kuzalisha umeme mwezi Februari. Wengi walisema maji yamefunguliwa kutoka bwawani. Serikali ikasema chanzo ni mvua kubwa, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Video zilionyesha maji. Hazikueleza yametoka wapi, yaliingia lini, tahadhari ilitolewa siku gani na ilimfikia nani. Kujibu hayo kunahitaji mtu anayezijua tarehe za mlau, aliyezungumza na wazee waliouona mwaka 1968, anayeweza kusoma takwimu za bwawa na kumpigia simu mhandisi bila woga. Simu ilimpa kila kijana uwezo wa kupeleka habari. Uwezo wa kuipima haukuja nayo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaolaumu simu peke yake, wala na wanaodhani vyombo vikubwa vya Dar es Salaam vitatosha. Redio za jamii zimeonyesha njia nyingine: Orkonerei ya Simanjiro iliwapa wafugaji wa Kimaasai mahali pa kuzungumzia malisho, maji na ardhi yao kwa sauti zao. Nchi ya Rufiji, yenye mto, bwawa, mikoko na majeraha yake, inastahili waandishi waishio humo, wanaolipwa vizuri na kulindwa na sheria. Wahariri wa Dar es Salaam wawaajiri badala ya kuwategemea kwa malipo ya habari mojamoja. Na serikali ina deni ambalo halifutwi na miaka: kueleza kwa ukamilifu yaliyompata Azory Gwanda. Mpaka ieleze, kila wito wa kuwataka vijana waache uvumi utakuwa na jibu tayari.

Kuna sehemu isiyohitaji kibali cha mtu. Wanafunzi wa 1968 walikwenda kwa wazee na daftari. Wanafunzi wa Mohoro, Utete, Ikwiriri na Kibiti wana simu zinazorekodi sauti, na walioyaona maji ya 1968 wangali hai wachache. Mwalimu wa historia au wa Kiswahili anaweza kuwapa kazi muhula huu: mtafute aliyeona, andika tarehe na mahali, tafuta shahidi wa pili, kisha soma gazeti lilisemaje na ulinganishe. Kijana aliyefanya hivyo mara moja hatasikiliza taarifa ya habari kama alivyoisikiliza zamani, wala hatasambaza video kabla hajauliza imepigwa wapi.